Bwana Sinema na Uzi wa Mwanga

Gari la sinema lilipohamishiwa mkoa mwingine pamoja na dereva wake, fundi aliyeendesha mashine yake aliachwa Korogwe, lakini jina la kazi lilibaki naye. Aliitwa Bwana Sinema sokoni, msikitini, na hata na watoto ambao hawakuwahi kuona picha hata moja ikitembea kwenye shuka jeupe. Nimezunguka sana katika nchi hii, kwanza kama utingo wa malori, baadaye kwa biashara zangu ndogondogo, na nimekutana na watu wengi wenye hasira. Hasira za wengi huchemka, zikamwagika, zikaisha. Ya kwake haikuchemka. Aliitunza kama mtu anavyotunza suti ya harusi, akiipangusa vumbi mara kwa mara, na siku ilipohitajika aliikuta nzima.

"Mimi sisahau," aliniambia tulipoanza kuzoeana. "Huwa napumzika tu."

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kutembea ameinamisha kichwa upande mmoja kwa sababu ya miaka mingi ya kusikiliza mashine. Vidole vyake vilikuwa na alama za kuungua kwa risasi ya kuunganishia nyaya. Baada ya kuachwa na gari lile alitengeneza redio kwenye baraza moja karibu na kituo cha magari, na huko ndiko nilikomjua, kwa sababu lori letu lilipoharibika nilikuwa nakaa barazani kwake kutwa nzima nikimsikiliza.

Alipenda kunieleza jinsi sinema inavyotoa sauti. Pembeni mwa ukanda wa filamu, alisema, kuna mstari mwembamba wa weusi na weupe. Mwanga wa taa ndogo hupita hapo, na ng'ambo yake kuna jicho la kioo. Jicho huona mwanga ukikatika na kurudi, kukatika na kurudi, na kule kukatika ndiko kunakogeuka kuwa maneno. Enzi zake za kuzunguka na gari, kila kiongozi wa kwenye filamu alipoanza kuhutubia kwa urefu mno, yeye alipitisha kidole mbele ya ile taa. Mdomo wa kiongozi ukaendelea kutembea kwenye shuka bila sauti. Watu wakacheka. Akaondoa kidole, hotuba ikarudi. Alinisimulia jambo hilo mara nyingi na kila mara macho yake yaling'aa. Kumnyamazisha mtu mkubwa kwa kidole kimoja, kwake hiyo ilikuwa raha isiyo na mfano.

Kulikuwa na msimamizi wa shamba la mkonge aliyewahi kumpiga kibao mbele ya watu kwa sababu filamu ilikatika katikati ya onyesho. Ilipita miaka. Siku moja msimamizi yule akaleta redio yake barazani, amekwisha kusahau kibao na aliyepigwa. Bwana Sinema aliipokea kwa adabu zote, akaitengeneza siku ileile, akaiweka rafuni nyuma yake ikawa inaimba. Msimamizi aliporudi akaambiwa kipuri hakijafika kutoka Tanga.

"Ile inayoimba si yangu?"

"Ni yako."

"Sasa?"

"Inaimba, lakini haijapona. Ikipona nitakuambia."

Msimamizi alikuja na kurudi msimu mzima wa mvua, kwa miguu, kwenye matope, na kila alipokuja aliikuta redio yake inaimba. Mwishowe alikabidhiwa bila kudaiwa hata senti. Nilimuuliza Bwana Sinema kwa nini hakumtoza. Akajibu kwamba hakutaka hela za yule mtu, alitaka miguu yake.

Na bado, mtu huyohuyo hakuweza kuua panya. Aliwanasa kwenye kopo na kuwavusha ng'ambo ya mto, akiwasema kwa upole njia nzima. Alilia kila alipokumbuka filamu moja ya serikali kuhusu mgonjwa wa kifua kikuu aliyepona akarudi nyumbani kwa mama yake, ingawa aliionyesha katika vijiji visivyohesabika na alijua kabisa kwamba mgonjwa atapona. Wapita njia walioomba maji aliwapa maji na muhogo. Sikuwahi kusikia amemtukana mtu. Pengine hapo ndipo pa kuogopa. Mtu anayetukana, ukishatukanwa umejua mmefika wapi.

Kwa dada yake mdogo, Mwanaidi, alikuwa mtu mwingine kabisa. Yeye ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, na mbele yake alikubali kuchekwa. Watu walipokusanywa katika vijiji vya ujamaa, Mwanaidi alipangiwa kijiji kimoja upande wa Handeni, mbele ya Kwaluguru, na kaka yake akafunga vifaa vyake akamfuata ili asikae peke yake. Kwa kuwa alikuwa amesoma na hesabu zake zilikuwa safi, Mwanaidi alichaguliwa kuuza duka la kijiji: sukari, sabuni, mafuta ya taa, kanga zilipopatikana. Alikuwa binti mchangamfu, mwenye kuwaamkia wazee kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Kijiji kilikuwa na mwenyekiti mnene wa sauti, mwenye saa ya mkononi aliyoitazama zaidi kuliko alivyotazama watu. Kwenye upenu wa duka, lililokuwa limeelekea uwanja wa mikutano, ilining'inizwa rimu ya lori. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele ya kijiji. Ikilia, unaacha ulichoshika na kukimbilia uwanjani, na wa mwisho kufika aliaibishwa mbele ya wote. Hakuna aliyeruhusiwa kuigonga bila amri ya Mwenyekiti. Hata alipomtuma mtu akaigonge, yeye mwenyewe alitoka mbio nyumbani kwake ili watu wamkute tayari amesimama chini yake, saa usoni.

Vitu vikaanza kupungua dukani. Kufuli zima, mlango mzima, sukari haipo. Mwenyekiti aliitisha mkutano na kumwita Mwanaidi mwizi. Hakukuwa na ushahidi, ila alikuwa ndiye mwenye ufunguo. Akamvua kazi hapohapo. Kisha akachukua desturi moja ya wazee wa kule, ya kumsusia salamu mtu aliyewakosea watu mpaka mambo yake yaishe, akaigeuza kuwa amri: huyu binti asijibiwe shikamoo na mtu yeyote. Watu wakapiga makofi.

Siku hiyo sikuwapo. Nilikuta matunda yake safari iliyofuata, lori letu lilipopita huko. Nilikuwa nimesimama kisimani nikichota maji ya rejeta, Mwanaidi akaja na ndoo. Mwenyekiti alikuwa anapita na wazee wawili. Mwanaidi akapiga goti kidogo akasema shikamoo. Wale wazee wakatazama chini. Mwenyekiti akaangalia saa yake, akaendelea na maongezi, kana kwamba ni kuku aliyelia. Binti alibaki amepiga goti mpaka walipopotea nyuma ya nyumba. Nilipata habari kwamba ilikuwa hivyohivyo shambani, hivyohivyo msibani, ambako alisalimia baraza zima la waombolezaji na hakupata hata mguno. Aliendelea kuamkia. Kaka yake alimsihi aache, akakataa. Alisema akiacha, watasema amekubali.

Bwana Sinema hakupandisha sauti hata siku moja katika miezi ile. Aliniuliza tu kama naweza kumpatia mota ya waipa, ile inayofuta kioo cha mbele, kutoka kwenye lori bovu, betri yenye uhai, na ile swichi ya sumaku inayokaa karibu na dinamo. Sikumuuliza ni vya nini. Nilimtazama usoni nikaona ile suti imetolewa sandukuni.

"Mwizi mwenyewe wakimpeleka kwa polisi atalala huko siku mbili, atarudi kuniamrisha," alisema. "Simtaki gerezani. Namtaka uwanjani, mchana, mbele ya waliopiga makofi."

Alikuwa amekwisha kufikiri yote. Ndani ya redio za transista za wakati ule kulikuwa na vidude vidogo vya kioo vilivyopakwa rangi nyeusi. Mafundi wachache walijua kwa nini vimepakwa. Ukikwangua ile rangi kwa wembe, kidude kinaanza kuona mwanga, kama lile jicho la mashine ya sinema. Yeye alikwangua kimoja, akakitia ndani ya kipande cha mwanzi ili kisione pembeni, akakielekeza kwenye balbu ya tochi upande wa pili wa mlango wa nyumba yake. Mwanga ukifika, sumaku inashika. Ukikatwa, hata kwa kufumba na kufumbua, sumaku inaachia na kengele ya umeme aliyoiunda kwa kikombe cha kengele ya baiskeli inalia. Aliuita uzi wa mwanga.

Majaribio ya kwanza yalikuwa vurugu tupu. Ililia kwa kuku. Ililia kwa mbuzi wa jirani. Ililia Mwanaidi alipopika, kwa sababu moshi wa kuni ulitambaa mpaka mlangoni ukaufunika uzi. Ililia yeye mwenyewe aliposimama kwa fahari kuieleza, akasahau alikosimama, na akaendelea kueleza huku kengele ikimlilia kiunoni. Mwanaidi alicheka mpaka akakaa chini. Kaka yake alimtazama akicheka, kisha akarudi kazini kwa haraka kama mtu aliyekumbushwa jambo.

Akaupandisha uzi usawa wa kiuno ili wanyama wapite chini. Balbu akaifunika kwa karatasi nyekundu mpaka ikawa kama kaa la moto linalozimika. Iliyobaki ilikuwa namna ya kuingia dukani, na hilo likajileta lenyewe. Muuzaji mpya, mzee mmoja mtaratibu aliyevaa ufunguo wa kufuli jipya shingoni, alimwomba atengeneze mizani iliyokwama. Bwana Sinema aliomba aachwe peke yake ili asichanganye vipimo. Alitengeneza mizani, na akaacha balbu kati ya magunia, jicho likiitazama kutoka ukuta wa pili, na mota ya waipa ndani ya makuti ya upenu, nyuma ya rimu. Kwenye mkono wa mota alifunga spana ya lori, na sumaku aliirekebisha ili ikishaachia isishike tena mpaka mtu achomoe waya. Waya wa kuwashia aliutoa nje kupitia tundu la mchwa, ili auunganishe akipita asubuhi ya shamba la ujamaa tu, wakati kila mtu, pamoja na muuzaji, yuko shambani na duka limefungwa.

Alikuwa na hakika mwizi huja saa hizo. Ushahidi wa mwizi ni nani hakuwa nao. Alisema anamjua, lakini kumjua na kumshika ni kazi mbili.

Asubuhi niliyoshuhudia, lori letu lilikuwa shambani likipakia mahindi ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa amepita mapema na baiskeli, akipiga kengele ili kila mtu amwone, akatangaza kwamba anakwenda wilayani Handeni na hatarudi mpaka jioni. Bwana Sinema alivuna mstari wa mbele kabisa, mahali ambapo hata mwenye macho mabovu angemwona. Aliimba. Sikuwa nimewahi kumsikia akiimba.

Jua lilipoanza kuwa kali, rimu ikalia.

Haikulia kama ilivyozoeleka, mapigo matatu na kunyamaza. Ililia mfululizo, kwa pigo lilelile, kama mtu mwenye kichaa. Watu walitupa vikapu wakakimbia. Nasi wa lori tukakimbia. Bwana Sinema aliweka hindi lake kikapuni, akajipangusa mikono, akaja kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuswali.

Tulipotokea uwanjani tulimkuta Mwenyekiti amesimama chini ya rimu, saa usoni.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Angeweza kukimbilia vichakani. Mlango wa duka ulikuwa wazi nyuma yake, njia ya vichakani ilikuwa hapohapo. Lakini rimu ililia, na miguu ya mtu yule ilikuwa imezoea jambo moja tu: rimu ikilia, yeye awe wa kwanza. Tena ililia bila amri yake. Nadhani hasira ya kuingiliwa madaraka ilimtoa dukani kabla akili haijamuuliza alikuwa anafanya nini mle ndani.

"Nani kagonga?" alifoka juu ya kelele. "Nauliza, nani kagonga rimu bila amri yangu?"

Spana ilikuwa inaendelea kupiga ndani ya makuti. Bibi mmoja aliyekuwa amekimbia na mtoto wa mwanawe mgongoni alimtazama juu mpaka chini.

"Si ulikwenda Handeni wewe? Au Handeni imesogea?"

Watu walianza kucheka, wakaacha. Bwana Sinema alikuwa amefika. Alichomoa waya ukutani, rimu ikanyamaza, na katika ukimya ule akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwenyekiti, shika vizuri hilo kufuli, lisikuponyoke."

Ndipo macho yote yaliposhuka mkononi mwake. Kufuli jipya la duka lilikuwa humo, limefunguka, na ufunguo ndani yake. Muuzaji mtaratibu alitia mkono shingoni, akatoa ufunguo wake, akauinua watu wauone. Kumbe funguo zilikuwa mbili.

Nilitegemea Bwana Sinema ahutubie. Aligeuka akamtafuta dada yake katika umati, na watu wakapisha njia. Mwanaidi akaja mpaka mbele ya Mwenyekiti, bado ana mabua kwenye kanga, akapiga goti.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

Kijiji kizima kilisubiri. Mwenyekiti alitazama juu ya kichwa chake, akaangalia saa, akaondoka.

Walikuja watu wa wilaya, akavuliwa cheo, akahamia kwa watoto wake milimani Bungu. Wanakijiji walianza kumjibu Mwanaidi siku ileile, mmoja mmoja, wengine kwa sauti kubwa kupita kiasi. Kila niliyemuuliza aliona mambo yamekwisha. Kaka mtu hakuona hivyo. Wazee walipomwomba aache mtambo wake ulinde duka, aliufungua mchana kweupe, akakunja nyaya mbele yao kwa utaratibu.

"Mliweza kumnyamazia mtu miezi yote ile," aliwaambia. "Kulinda sukari hakutawashinda."

Akarudi Korogwe na Mwanaidi. Kila nilipopita barazani alinipa habari za yule mzee bila kuulizwa: amekonda, ameuza baiskeli, macho yameanza kuingia ukungu. Sijui alizipata wapi. Alizipokea kama wengine wanavyopokea habari za mvua. Niliwahi kumwambia kwamba mtu ameshaanguka, amwache. Akasema mtu ameanguka ndiyo, lakini hajajibu.

Mara ya mwisho nilipomwona nilikuwa napita kwenda Tanga. Alikuwa amezeeka, amevaa miwani iliyofungwa kwa waya wa redio. Pembeni yake Mwanaidi, sasa mama wa watoto, alikuwa akishona kwa cherehani barazani. Tulikuwa tunakunywa chai. Gari la kutoka Bungu lilisimama, akashuka mzee akipapasa njia kwa fimbo, kwapani amebana redio iliyofungwa kitambaa. Aliulizia fundi, watu wakamwelekeza kwetu.

"Redio yangu haisemi," alisema, akiiweka mezani.

Bwana Sinema aliweka kikombe chini. Nilimkumbuka yule msimamizi wa mkonge nikajua mzee huyu atapanda na kushuka mlima ule mpaka achakae. Lakini Bwana Sinema alimvutia kiti akamkalisha, kisha akaita, polepole, "Mwanaidi."

Cherehani ikanyamaza. Mwanaidi alikuja akasimama mbele ya mzee, akamtazama kwa muda, akapiga goti palepale kwenye saruji.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo kwa miaka. Mkono wa mzee ulisimama juu ya redio. Aligeuza uso barabarani, lakini gari la Bungu lilikuwa limekwenda kujaza mafuta, na mafundi wa mabaraza ya jirani walikuwa wameacha kazi wakitazama. Mwanamke mzima amepiga goti na hajibiwi. Mmoja wao akauliza kwa sauti kama huyo mzee ni kiziwi.

"Marahaba," alisema mzee.

"Sikusikia, baba," alisema Mwanaidi.

"Marahaba."

"Marahaba nani?"

Midomo yake ilihangaika. "Marahaba, Mwanaidi."

Nilidhani imekwisha. Nilimgeukia Bwana Sinema nikitaka kumpongeza, nikakuta amekwisha kuifungua ile redio na kuinamia ndani yake kwa utulivu mkubwa. Mwanaidi hakuinuka.

"Hiyo ilikuwa ya uwanjani," alisema kwa sauti yake ileile ya kusikika mpaka barabarani, bila ukali wowote. "Sasa ya kisimani. Shikamoo, Mwenyekiti."

Bwana Sinema alisukuma birika la maji upande wangu bila kuinua kichwa.

"Mpe mzee maji," aliniambia. "Koo lisimkauke. Ndiyo kwanza wako kisimani."